Alkhamisi tunasoma Marko 1:14–20

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Alkhamisi tukutane saa 11 jioni, Mkunazini, pale pale pa siku zote. Mje mmeshasoma, ni mistari saba tu.

Msiuruke mstari wa 14. Yesu anaanza kuhubiri Galilaya baada ya Yohana Mbatizaji kutiwa gerezani. Haukuwa wakati wa raha.

Halafu nyavu. Jana nilipita Malindi nikamkuta mzee kakaa chini, ukingo wa wavu kaubana kwa kidole gumba cha mguu, anaziba tundu moja baada ya jingine. Nikasimama kumtazama. Yakobo na Yohana walikuwa kwenye kazi hiyo hiyo walipoitwa. Wakaondoka, wakamwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mimi kwa Zebedayo ndipo ninapokwama kila mara. Kumwacha mzazi si jambo dogo, na sitaki tulipite haraka.

Kanisa letu kuu limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Ujenzi ulianza 1873. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa misheni hapa Unguja walikuwamo watoto waliotolewa utumwani. Wao hawakuwa na wavu wala chombo cha kuacha. Kwao, kumfuata Yesu kulikuwaje? Hili naomba tulizungumze kwa kirefu, hata kama mengine yatabaki.

Zamu ya chai ni ya Kikwajuni. Mwenye Biblia ya ziada aje nayo.