Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na wanaodaiwa wanajijua.

Jambo lililokula muda wa kamati mwaka huu ni leza ya mabaka ya mishipa ya damu kwenye ngozi nyeusi. Baadhi yenu mlitaka chama kiseme mashine gani inunuliwe. Kamati ilikataa kuanzia hapo, nami niliiunga mkono. Kanuni ya leza hizi, waliyoieleza watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983, inategemea mwanga kufyonzwa na himoglobini, rangi nyekundu ya damu, ndani ya mshipa. Kwa wagonjwa wetu, melanini, rangi nyeusi ya ngozi, imekaa juu ya mishipa hiyo na inaudaka mwanga njiani. Joto likibaki juu, matokeo mnayafahamu: malengelenge, weusi au weupe wa miezi, na kwa wengine kovu linaloumuka.

Leza ya rangi (pulsed dye laser) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 595 inafaa hata kwetu, mradi nguvu ipunguzwe, pigo la mwanga lirefushwe na ngozi ipoozwe. Aina nyingine ya leza, Nd:YAG ya nanomita 1064, haifyonzwi sana na melanini, ndiyo maana wauzaji huinadi kuwa "salama kwa Waafrika". Hapo wanatia chumvi. Kwenye baka la kuzaliwa, dozi inayoziba mshipa na dozi inayoacha kovu zimekaribiana mno.

Tulichokubaliana ni jaribio kwanza. Piga sehemu ndogo pembeni mwa baka, tuseme chini ya taya, kisha weka mashine chini utazame. Ule uzambarau wa ngozi unaotarajiwa baada ya pigo hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usiongeze nguvu eti hakuna kilichotokea. Ngozi ikigeuka kijivu, umeshazidisha. Mgonjwa arudi baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu mabadiliko ya rangi huchelewa kujitokeza. Mliopitia RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale Moshi, na sasa mko mikoani mtaniambia kwamba aliyetoka Sumbawanga kwa basi hapendi kusikia "njoo tena". Basi aelezwe kwa simu kabla hajakata tiketi.

Tena si kila baka ni la leza. Tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux walipoona propranololi, dawa ya moyo na presha, inasinyaza hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu) za watoto wachanga, zile zinazohitaji tiba huanza na dawa hiyo, na nyingine hunywea zenyewe. Doa la rangi ya divai, yaani baka la kuzaliwa la mishipa, halinywei. Likiwa kwenye paji la uso au kope, mtoto apimwe presha ya macho mapema, urembo utasubiri.

Suala la mashine litarudi kamatini wakishapatikana watu waliofunzwa kuitumia. Wanaotaka mafunzo waandikishe majina kwa katibu leo.

Uchaguzi wa katibu msaidizi utafanyika baada ya chakula cha mchana. Fomu ziko mezani mlangoni.

Mwenyekiti