Svetlana si jina la kale

Mhariri,

Jina Svetlana huorodheshwa mara kwa mara miongoni mwa majina ya kike ya Kislavi yaliyorithiwa tangu kabla ya Ukristo. Si kweli. Ni la kubuni, na aliyelitia katika fasihi ya Kirusi ni mshairi Alexander Vostokov, katika shairi lake la mwaka 1802, "Svetlana na Mstislav". Mzizi ni svetl-, wenye maana ya kung'aa, ukafuatwa na kiishio -ana. Likiwekwa kando ya Mstislav, ambalo ni la kale kweli kweli, nalo likaonekana la kale. Vasily Zhukovsky ndiye aliyelivumisha kwa shairi lake "Svetlana", lililochapishwa mwaka 1813.

Kuvuma vitabuni ni jambo moja, kubatizwa nalo ni jingine. Kanisa la Orthodoksi la Urusi lilitaka jina la ubatizo litoke katika kalenda ya watakatifu, na humo Svetlana hakuwamo. Basi meli zikawatangulia watoto: manowari iliyoitwa Svetlana ilizama katika mapigano ya Tsushima, kati ya Urusi na Japani, mwaka 1905, wakati mwanamke mwenye jina hilo bado ni nadra. Baada ya mapinduzi ya 1917 vizazi viliandikishwa serikalini, kizuizi kikaondoka. Binti wa Stalin, aliyezaliwa mwaka 1926, aliitwa Svetlana. Kanisani siku hizi jina hili hulinganishwa na la mtakatifu Fotina, ambalo kwa Kigiriki nalo latokana na mwanga.

Kosa jingine ni kulitafsiri kuwa "mtakatifu". Hapo wanachanganya svet, mwanga, na svyat-, utakatifu, unaopatikana katika jina Svyatoslav. Katika Kirusi irabu hutenganisha mizizi hiyo miwili. Kiserbia ndicho kinachoponza watu, maana humo neno svet ni ulimwengu na pia ni takatifu, ilhali mwanga huitwa svetlost.

Kwa watangazaji wenu: mkazo uko kwenye -la-, Svet-LA-na. Sveta ni kifupisho cha kawaida, Svetochka ni cha kubembeleza, na Svetka huweza kusikika kama dharau akikitumia asiye rafiki. Mkubwa huitwa kwa jina lake pamoja na la baba, kama Svetlana Ivanovna. Hilo Ivanovna si jina la ukoo. Ni kusema tu kwamba babake ni Ivan.

Msomaji wenu