Deni likiisha, kufuli nalo liondoke

Mhariri,

Intaneti ya vitu, yaani vifaa vinavyotuma taarifa vyenyewe kupitia mtandao, tunayosimuliwa magazetini ni ya viwanda vya Ulaya na mashamba yanayojimwagilia yenyewe, hata msomaji akadhani bado iko mbali naye. Hapa Tanzania mabasi ya mikoani yana kifaa kinachoijulisha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwendo wa gari. Yako majokofu ya chanjo, ambamo joto halitakiwi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8, yanayotuma taarifa yakianza kupata joto. Huko sina ugomvi; vifaa hivyo vinalinda maisha. Ninachotaka kukisemea ni vile tunavyouziwa nyumbani kwa kulipa kidogo kidogo.

Mitambo mingi ya sola ya aina hii ina laini ya simu ndani yake. Mteja anatoa kianzio, kisha analipa kwa simu. Malipo yakiingia, taa zinawaka. Yakichelewa, kampuni inauzima mtambo kutoka ofisini bila fundi kupiga hodi. Ndivyo ilivyo pia kwa mita ya gesi inayofungwa kwenye mtungi, kama ile ya KopaGas iliyoanzia Dar es Salaam. Mama ntilie analipia gesi ya kupikia leo tu, na kampuni inaona kiasi kilichobaki ili ilete mtungi mwingine mapema.

Mfumo huu nauunga mkono kwa moyo wote. Bei ya kujaza mtungi mzima kwa mkupuo ndiyo inayowabakiza wengi kwenye mkaa. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sioni tutakavyofika huko bila malipo ya kidogo kidogo.

Lakini ufunguo uko mkononi mwa nani? Aprili 2019, Mobisol, kampuni ya Berlin iliyokuwa na wateja Tanzania, Kenya na Rwanda, ilitangaza kushindwa kulipa madeni yake. Mwaka huohuo ENGIE ya Ufaransa ikainunua. Na kama asingetokea mnunuzi? Na hata akitokea, huduma yaweza kuzimwa; Marekani walishaliona hilo. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ilinunua Revolv, watengenezaji wa kifaa cha kuongozea taa na milango ya nyumba. Mei 2016 huduma ikazimwa, na kifaa kilichouzwa kwa dola 300 hivi hakikufanya kazi tena. Wenyewe walikuwa wameshalipa kila senti.

Kuna na suala la taarifa. Mita ya gesi inajua saa mnayopika, na siku ambayo jiko halikuwashwa kabisa. Kwa mkopeshaji, huko ni kuchungulia mfukoni mwa familia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanyia nini. Mteja anayetia saini kibarazani, wakala akiwa na haraka ya kwenda nyumba ya pili, ameelezwa lini?

Naomba EWURA inayodhibiti nishati na maji, Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wakae meza moja. Kila mkataba uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaosema kifaa kinatuma taarifa gani, kwa nani, na kitazimwa baada ya siku ngapi za kuchelewa. Mteja akimaliza deni la mtambo wa sola, kampuni iufungue moja kwa moja, uwake hata kama mtandao haupo, na impe hati ya kuonyesha hivyo. Misimbo ya kufungulia mitambo ihifadhiwe pia kwa mdhamini nje ya kampuni, na kampuni isiyokubali sharti hilo isipewe kibali cha kuuza.

Msomaji wenu,
Arusha