Kaka yangu, baba hakuwa mzima siku ile ya Hombolo

Shikamoo, kaka.

Tangu arobaini ya baba hujapokea simu yangu hata moja, ndiyo maana naandika hapa. Nakushukuru kwa kumjengea kaburi zuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Lakini siku ile ya Hombolo imekataa kunitoka.

Baba alikuwa ametoka kupimwa presha, 178 kwa 104, na kikaratasi kilikuwa bado mkononi mwake. Ukamtwisha kreti la zabibu, akalifikisha kwenye gari bila kuhema, nawe ukaniuliza mbele ya vibarua, "Huyu ndiye mgonjwa wako?" Baba akacheka, akakikunja kikaratasi, na vidonge nilivyomnunulia vikakaa dirishani hadi vikapitwa na muda.

Presha haikuhitaji kumuumiza kichwa ndipo ifanye kazi yake. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo ndicho kinachosukuma damu kwenda mwilini, na shinikizo linapokuwa kubwa kwenye mishipa, kila pigo huwa ni kusukuma mlango ulioegemewa na mtu upande wa pili. Msuli hunenepa kama mkono wa mkulima, ila unene huo si afya: ukuta huingiwa na makovu, hukakamaa, na moyo hushindwa kulegea ili ujae damu. Chumba cha juu nacho hutanuka, na shinikizo hurudi hadi mapafuni, pumzi ikabana mtu akilala. Ndiyo sababu baba alianza kulala ameketi, wewe ukisema ni vumbi la kiangazi. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilipofanyika, ukuta ulikuwa na unene wa sentimita 1.6, wakati kawaida hauzidi sana 1. Daktari akatuambia moyo bado unasukuma vizuri, ila haujai.

Unasema nilikaa mjini nikituma pesa tu. Kila Jumapili nilimuuliza kama amemeza dawa, akanijibu amemeza, na aliyekuwa akiliona lile dirisha kila asubuhi si mimi.

Nawe hujawahi kupimwa, kaka, eti hujisikii vibaya. Unene wa moyo ukiwahiwa kwa dawa hupungua. Nimemwachia wifi mashine, ipo juu ya kabati. Keti kimya dakika 5 kwanza, mkono uwe usawa wa moyo, kisha nitumie namba zote mbili, hata kama hutaki kuzungumza nami.