Tuwaambie wagonjwa virusi vinakojificha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma. Mdogo wangu anaishi na VVU. Mwaka jana alirudi kutoka kliniki na furaha tele: kipimo cha wingi wa virusi kilionyesha havionekani, na aliyempa majibu akamwambia, "Uko safi." Yeye akaelewa kwamba amepona, akaacha dawa. Alipokuja kwangu Uyole miezi mitano baadaye alikuwa amekonda, anakohoa, na mitoki imemvimba shingoni na kwapani.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na najua jibu la kosa lake lilikuwa kwenye mitoki ile ile.

Tezi hizi tunazikumbuka zikivimba tu. Kidonda kiko mguuni, mtoki unatokea kinenani. Lakini kila siku maji ya limfu hupita humo, na pembezoni mwake makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza wavamizi, hunasa vijidudu na vipande vyake, yaani antijeni. Vingine humezwa na kusagwa. Vingine hupokelewa na seli B, zile za ukoo unaotengeneza kingamwili, zikavipeleka ndani zaidi kwa seli zenye matawi marefu membamba, seli dendriti za folikuli. Hizi hazisagi. Huishika antijeni ikiwa nzima, imevikwa kingamwili na protini za komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu), na kuitundika kwenye matawi yake kama muuza vitenge wa Mwanjelwa anavyotundika mali mlangoni kila apitaye aione. Seli B hupita zikikagua, na zile zinazoishika vizuri zaidi ndizo zinazoendelezwa. Miaka ya 1960 Gustav Nossal na wenzake, kule Melbourne, walidunga panya antijeni zenye mionzi, wakazikuta zimenaswa humo humo kwenye tezi. Zinaweza kukaa miezi mingi. Kila nikifundisha somo hili nastaajabu upya.

Sasa VVU navyo hutundikwa hapo. Vikiwa vimevikwa kingamwili bado vinaweza kuambukiza, na seli za CD4, seli za kinga ambazo VVU hushambulia, zinapita karibu kabisa. Mtu akianza dawa za kufubaza virusi, shehena hiyo hupungua sana. Hata hivyo, ndani ya tezi, na kwenye utumbo pia, hubaki seli za CD4 zilizolala ambazo virusi vimeshajiandika katika vinasaba vyake. Dawa huzuia virusi visizaliane; hazifuti kilichokwisha kuandikwa. Kipimo nacho husoma damu iliyotolewa mshipani, hakiingii kwenye mtoki. Mtu akiacha dawa, mara nyingi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache tu.

Sitaki mtu aipuuze habari ya "havionekani". Ni habari njema kweli: anayemeza dawa zake na kubaki katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ninachokililia ni ile sentensi inayokosekana baada yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Katika mikoa yetu hii, karibu kila ukoo una mtu anayesubiri majibu hayo.

Mdogo wangu amerudi kwenye dawa. Nilimchorea mtoki kwenye karatasi ya daftari, na seli zake zenye matawi, akaniuliza maswali hadi usiku. Darasa la saba ndiyo elimu yake, na alielewa. Akaniambia angeelezwa hivyo tangu mwanzo asingeacha hata siku moja.

Kwa hiyo nawaomba wanaotoa majibu: mchoreeni mgonjwa huo mtoki. Kwenye mabenchi ya CTC, kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, watu hukaa tangu saa moja asubuhi wakisubiri kuitwa. Muda wa kuwaeleza upo.

Mwalimu wa Baiolojia,
Uyole, Mbeya