Feri ikifunga mlango, mtoto asibaki kwenye gari

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana likizo za shule zikifika familia nyingi zinakuwa barabarani, na wapo watakaofika kwenye ziwa kubwa wakaingiza gari kwenye feri ili wasizunguke ziwa zima kwa barabara. Mimi nimeshavuka hivyo na familia yangu mara nyingi na nitavuka tena, kwahiyo siandiki kumtisha mtu. Watoto wanaipenda sana hiyo safari, kuona gari ya baba inaingia ndani ya meli kwao ni kitu kikubwa, na nyie wazazi mnapumzika usukani masaa kadhaa. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, feri ikishafunga mlango asibaki mtu ndani ya gari, na mtoto ndio kabisa.

Nisimulie ilivyonitokea. Tulifika gatini alfajiri, watoto watatu wote wamelala siti ya nyuma, yule mdogo amefungwa mkanda kwenye kiti chake. Wakatupanga katikati ya lori na basi dogo, tukabanwa kiasi kwamba mlango wangu ulifunguka kidogo tu, nikitaka kutoka napita kwa ubavu. Mke wangu akasema tuwaamshe twende juu, mimi nikamwambia waache walale, tutakaa nao humu humu. Na wala hakuna mtu wa feri aliyepita kutuambia tushuke, magari mengine jirani yetu nayo yalikuwa na watu ndani, wengine wamelaza siti kabisa.

Tulipokuwa katikati upepo ukaanza. Asiyejua ziwa kubwa anadhani ni kama bwawa, lakini likichafuka mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, na yanafuatana haraka haraka hayakupi hata nafasi ya kupumua. Alamu za magari zikaanza kulia moja baada ya nyingine kwa ule mtikisiko, lile lori likawa linayumba juu ya springi zake, nikiangalia dirishani naona bodi lake linakuja kwetu linarudi, linakuja linarudi. Nikajaribu kufungua mlango wa nyuma kwa nje nimtoe mdogo, mlango ukagonga tairi la lori hata mkono haupiti. Upande wa pili hivyo hivyo. Mhariri, nilisimama pale nimeshika mlango usiofunguka na watoto wangu watatu wapo ndani, mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Upepo ulitulia, tukafika salama, watoto hata hawakuamka. Lakini toka siku ile nimekuwa nikiwaza ingekuwaje kama mambo yangeharibika, na nadhani wazazi wengi hawajawahi kukaa wakalifikiria hili hatua kwa hatua. Mlango wa nyuma umewekewa loki ya watoto, hauwezi kufunguka kwa ndani. Vioo ni vya umeme na maji yakishaingia kwenye mfumo huwezi kuvitegemea. Maji yakiwa yamepanda nje yanausukuma mlango kwa nguvu ambayo mtu mzima haiwezi, achilia mbali mtoto. Halafu kuna mkanda na kile kiti cha mtoto chenye vifungo vyake ambavyo hata kwenye maegesho ya kawaida, mchana, bila haraka yoyote, vinakupotezea muda. Sasa viweke vyote hivyo gizani, feri imelala upande.

Wapo watakaosema feri yao ni ya dakika chache tu. Tarehe 29 Septemba 2019 pale Likoni, Mombasa, gari iliteleza kinyumenyume ikatoka kwenye feri ikazama, ndani yake kulikuwa na mama na binti yake mdogo. Kile kivuko kinavushwa kwa dakika chache kweli, na watu walikuwa wanaona kwa macho yao. Ile gari ilikuja kutolewa majini tarehe 11 Oktoba. Yale sio maji ya ziwa lakini gari inateleza popote, kwahiyo handibreki vuta mpaka mwisho, acha gari kwenye gia, kama ni otomatiki weka kwenye P, na kama hujaona kabari chini ya tairi ziombe. Na hata ukifanya yote hayo bado shuka.

Sababu nyingine ni jinsi feri za magari zenyewe zilivyojengwa. Nyingi zina sakafu moja ndefu ya wazi isiyo na kuta za kuigawa, ndio maana magari yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Maji yakiingia pale hayakai sehemu moja, yanakimbilia upande ulioinama na kuzidi kuuinamisha. Ndicho kilichotokea tarehe 6 Machi 1987 kule Zeebrugge, Ubelgiji, feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandarini milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia kwenye sakafu ya magari na ndani ya dakika chache ikawa imelala ubavu, watu 193 wakafa. Kwahiyo kule chini unapodhani umejistiri na familia yako ndio sehemu mbaya kuliko zote kwenye chombo.

Na inawezekana kabisa kufanya vingine. Kule Marekani kuna feri ya SS Badger inayovuka Ziwa Michigan kati ya Ludington na Manitowoc, karibu kilomita 97, safari ya masaa manne hivi, chombo cha zamani kilichoanza kazi mwaka 1953 na bado kinaendeshwa kwa makaa ya mawe. Pale unakabidhi gari, wafanyakazi ndio wanaiingiza na kuipanga, wewe na watoto mnapanda juu na hakuna kurudi kwenye gari mpaka mfike. Chombo cha mwaka 1953, Mhariri! Hakihitaji mtambo wowote wa ajabu, ni utaratibu tu na mtu wa kuusimamia. Wenye feri wetu wanashindwa nini kumtuma baharia mmoja apite kati ya magari kabla ya kung'oa, agonge vioo, amtoe kila mtu? Na magari yasibanwe hivyo, kama mlango haufunguki maana yake limeingizwa gari moja zaidi.

Mkishafika juu, muulize baharia laifu jaketi za watoto zipo wapi, na usikubali jibu la "zipo". Zione. Laifu jaketi ya mtu mzima ukimvalisha mtoto wa miaka minne, akiingia majini inapanda juu na yeye anachomoka chini, ya mtoto inatakiwa iwe ya saizi yake na iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mimi siku hizi nawavalisha wangu mara moja ya majaribio tukiwa bado gatini, wanacheka, wanapigana picha, lakini mikono imeshajua kifungo kilipo.

La mwisho linanikera kuliko yote. Tulipokata tiketi siku ile waliandika namba ya gari na jina langu, basi. Mke wangu na watoto hawakuandikwa popote, eti watoto wadogo hawalipi. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 walikufa watu zaidi ya 800, na idadi kamili ikawa ngumu kujulikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha watu 101, ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara na waliokufa walipita 200. Miaka 22 imepita kati ya ajali hizo mbili, ziwa ni lilelile, na bado leo mtoto anaweza kupanda feri bila jina lake kuandikwa na mtu yeyote.

Sasa mimi nikifika dirisha la tiketi siondoki mpaka watano wote tuandikwe, jina na umri. Foleni nyuma yangu inanung'unika, karani ananikazia macho, namwomba radhi kila mmoja na nasubiri hapo hapo. Nawaomba wazazi wenzangu tusubiri wote.

Ni mimi msomaji wako,
Baba wa watoto watatu