Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Udongo Ulio Chini ya Maduka Yetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye maduka ya dobi hapa North Carolina,

Nianze na mepesi. Mwaka huu tumekutana mara nne na akidi imetimia mara tatu. Lawama ya mkutano wa Julai ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeupanga siku ya harusi ya binti wa mweka hazina. Hesabu atazisoma mwenyewe. Orodha ya wanaodaiwa ada anayo pia, nami sitamtaja mtu.

Sasa zito. Mwenzetu mmoja alikwenda kukopa benki akiweka jengo lake dhamana. Benki ikasema udongo upimwe kwanza. Nilikuwepo siku ile. Walikuja vijana wawili na mashine ya kudunga ardhi, wakatoboa zege nyuma ya mashine ya kufulia, wakachomoa mrija wa plastiki uliojaa udongo mwekundu kabisa, kama wa Machakos. Kwa macho hauna kasoro. Majibu yaliporudi, perki, kile kiyeyushi chenye sumu tunachofulia nguo badala ya maji, ilikuwemo kwenye udongo na kwenye maji yaliyo chini yake. Mkopo ukafa hapohapo.

Mwenzetu huyo hajamwaga perki hata kikombe. Mashine yake ni ile inayofua na kukausha ndani kwa ndani. Lakini duka lilikuwa la dobi miaka mingi kabla hajalinunua, na wazee wa kazi hii mnajua mambo yalivyokuwa: nguo zilitolewa mashine moja zikichuruzika zikapelekwa nyingine, maji ya kitenganishi, yenye mabaki ya perki, yakamwagwa kwenye sinki, chujio zilizochoka zikatupwa uani. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu.

Perki ni nzito kuliko maji, mara 1.6 hivi. Hupenya zege, huvuja kwenye maungio ya bomba la majitaka, na ikifika kwenye maji ya ardhini haielei kama petroli. Inazama, inatulia juu ya mfinyanzi au mwamba, kisha inayeyuka kidogokidogo kwa miongo. Kiwango cha juu cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Kwa maji ya ardhini hapa North Carolina ni 0.7. Nilipiga hesabu nikairudia, nikidhani nimekosea sifuri: lita moja tu ya perki yatosha kufikisha lita zaidi ya milioni 300 za maji kwenye hicho kiwango cha 5.

Wenzetu wanaofua sare za wanajeshi kule Jacksonville hawahitaji kuhadithiwa habari za Tarawa Terrace, mtaa wa familia za wanajeshi. Duka la dobi lililofunguliwa miaka ya 1950, nje tu ya kambi ya jeshi ya Lejeune, lilipeleka perki kwenye visima vya nyumba za familia za wanajeshi. Mabaki ya unga kutoka kwenye mtambo wa kusafishia perki yalitumika kuziba mashimo ya njia ya gari. Mwaka 1985, mwaka ambao visima vilianza kufungwa, maji ya bomba yalipimwa yakakutwa na mikrogramu 215 kwa lita. Madai ya waathirika yanaendelea mpaka leo, chini ya sheria iliyopitishwa 2022.

Jimbo letu lina mfuko wa kusafisha maeneo ya namna hii, kwa sheria ya 1997. Fedha zake zinatokana na kodi ya viyeyushi na sehemu ya kodi ya mauzo, kwa hiyo mmekuwa mkiuchangia kila mnaponunua pipa. Mwenye duka, aliyewahi kuwa nalo, au mwenye jengo anaweza kuomba aingizwe kwenye mpango wa mfuko huo. Akikubaliwa, hubeba sehemu ndogo ya gharama, na jimbo ndilo linalosimamia wapimaji. Tuliwaeleza haya kwa Kiswahili mwezi Machi. Tulibishana nusu saa tuseme udongo "umechafuka" au "umeathirika", hadi mama mmoja wa Goma akakata shauri: "Udongo iko mgonjwa." Tangu hapo ndivyo tunavyosema.

Mwenzetu ameingizwa kwenye mpango. Jambo la kwanza halikuwa udongo, lilikuwa hewa. Mvuke wa perki hupanda kupitia nyufa za sakafu, na jirani yake ni saluni. Waliacha humo mtungi wa chuma usio na hewa, mkubwa kama sufuria ya pilau, ukavuta hewa polepole siku nzima. Baadaye likawekwa bomba chini ya sakafu na feni ya kutoa mvuke juu ya paa. Maji ya chini yatadungwa mafuta ya mboga, chakula cha bakteria wanaoivunja perki hatua kwa hatua. Hatua ya mwisho kabla haijawa salama huzaa vinyl chloride, gesi ya sumu mbaya kuliko perki yenyewe, ndiyo maana visima vya kupimia vitafuatiliwa kwa miaka. Asitokee mtu akamwahidi mwenzetu miezi sita.

Linaloniudhi ni hili. Wanachama watatu waliniambia kando kwamba heri wasipime, maana ukipima ndipo tatizo linaanza. Siwacheki. Mimi nilipolinunua duka langu nilikagua boila na daftari la wateja, nikatia saini. Chini ya sakafu sikuuliza. Ila hao waliotoboa zege la mwenzetu hawakuitwa na yeye, waliitwa na benki, na akaipata habari siku mbaya kuliko zote. Kamati inashauri asinunue mtu duka wala kuhuisha mkataba wa pango kabla ya kipimo.

Kuhusu mashine: kanuni ya serikali kuu ya Desemba 2024 inazima perki kwenye kazi yetu hatua kwa hatua, ukomo ukiwa Desemba 2034, na mashine za zamani, zile za kizazi cha tatu, zinatangulia, Desemba 2027. Kanuni hutikiswa siasa ikibadilika, lakini kuagiza mashine ya perki sasa naona ni kutafuta hasara.

Januari tutajaza kwa pamoja fomu za kuomba kuingia kwenye mpango wa jimbo, nyumbani kwa katibu. Njooni na hati za jengo, mikataba ya zamani, na risiti za perki, hata zilizofifia. Asiye nazo aje na jina la aliyemuuzia.